Katalogi Inayotafutika kwenye Tovuti ya Duka Dogo: WhatsApp, WooCommerce, Lahajedwali au Injini ya Utafutaji?

Fundi aliyelala chini ya gari kwenye gereji ya Tabata, Dar es Salaam, ana simu mkono mmoja na spana mkono mwingine. Anatafuta shokapu ya mbele kulia ya Toyota IST, na kabla ya kumtuma kijana Kariakoo anataka kujua kama duka lako linayo na inauzwa bei gani. Anafungua tovuti yako, anaandika "shokapu ist", na ukurasa unamjibu kwamba hakuna kilichopatikana, ilhali shokapu nne za aina hiyo ziko rafu ya pili nyuma ya kaunta, zimeingizwa kwenye tovuti kwa jina la Kiingereza lililonakiliwa kutoka kwenye boksi. Fundi hapigi simu kuuliza. Anafungua tovuti ya duka la jirani.

Mauzo hayo yamepotelea ndani ya kisanduku cha kutafutia. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijenga na kutunza tovuti za maduka madogo, mengi yakiwa ya spea za magari pale Gerezani na Kariakoo, na ulinganisho huu nauandika nikiwa na maduka hayo akilini: bidhaa kati ya mia tatu na elfu kumi, mwenye duka mmoja, wasaidizi wawili au watatu, kompyuta moja ya kaunta na bando la simu. Anayeuza vifaa vya umeme au pembejeo za kilimo anaweza kusoma haya na kubadilisha majina ya bidhaa tu, kwa kuwa sijaona bidhaa ngumu kutafutwa kuliko spea, na njia inayozimudu spea haitashindwa na vitasa na bawaba.

Maswali matano ya kupimia

Kabla ya kumsikiliza yeyote anayekuuzia mfumo, chukua maswali ambayo wateja wako huyauliza kaunta, uyaandike kama yalivyo kwenye tovuti ambayo mtu huyo amekwisha kumjengea mwingine, kisha uangalie kinachotokea. Mimi hutumia matano.

La kwanza ni "shokapu ist", yaani jina la mtaani pamoja na gari. La pili ni "90915yzze1". Namba za spea za Toyota huandikwa kwa mafungu mawili ya tarakimu au herufi tano tano yanayotenganishwa na kistari, na 90915-YZZE1 ni chujio la oili. Fungu la kwanza hutaja aina ya spea: 04465 ni brekipedi za mbele, 04466 ni za nyuma, 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ni ya kushoto. Mafundi wazoefu wanayajua mafungu haya kwa kichwa, lakini mmoja huandika kistari, mwingine hukiacha, wa tatu huweka nafasi katikati, na wa nne husoma sifuri akaandika herufi O. La tatu ni "brekpedi", neno lenye herufi moja iliyorukwa, kama watu wanavyoandika wakiwa na haraka. La nne ni "vioo noah", kwa wingi, wakati katalogi imeandika "kioo". La tano ni "ncp61", namba ya chasisi peke yake, kwa sababu fundi anajua kwamba IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ ya lita 1.3 na ya NCP61 ina 1NZ ya lita 1.5, na hataki kuletewa ya kwanza akiwa ameuliza ya pili.

Mifumo karibu yote inajibu vizuri muuzaji anapoionyesha kwa neno "battery". Tofauti zake zinajitokeza kwenye maswali kama haya matano.

WhatsApp na PDF

WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018 na kuongezewa katalogi mwaka 2019. Ndipo wengi wanapoanzia, na wana sababu nzuri ya kuanzia hapo: kila bidhaa inapata picha, bei, maelezo, msimbo na kiungo, na mazungumzo ya bei yanaanza papo hapo. Ukomo wake ni bidhaa 500, na mpangilio wake ni wa dirisha la duka, ambamo mtu anateremsha picha kwa kidole mpaka aone anachokipenda. Duka la vitenge linanufaika sana na mpangilio huo, kwa sababu mteja wa kitenge huchagua kwa jicho. Brekipedi za magari kumi tofauti zinafanana pichani kama mapacha, na kuziteremsha moja moja ni adhabu kwa mteja.

Katalogi ya PDF inayopandishwa kwenye tovuti ina kasoro nyingine. Ikiwa imetokana na karatasi zilizoskaniwa, ndani yake mna picha tupu, na huwezi kutafuta neno lolote. Ikiwa ina maandishi halisi, kutafuta kunawezekana, ila faili likishapakuliwa linabaki kwenye simu za watu na kuzunguka kwenye magrupu, na Desemba utaletewa bei ya Januari ukalazimika kubishana na mteja aliyeishika mkononi. Siishauri PDF kwa duka lolote ambalo bei zake hubadilika zaidi ya mara moja kwa mwaka.

WooCommerce

WooCommerce, programu-jalizi (plugin) ya duka inayoongezwa kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, iliyoanza mwaka 2011 na kununuliwa na Automattic mwaka 2015, ndiyo njia ambayo mafundi wengi wa tovuti hapa Dar es Salaam watakupendekezea kwanza. Kila bidhaa inapata ukurasa wake wenye anwani yake, jambo ambalo Google inalihitaji ili iweze kumwonyesha bidhaa hiyo mtu aliyetafuta moja kwa moja bila kulijua duka lako. Kuna kikapu, kuna makundi, kuna vichujio vya pembeni vya kuchagua aina ya gari, na bidhaa zinaweza kuingizwa kwa mkupuo kutoka faili la CSV, yaani orodha ya maandishi ambayo safu zake zimetenganishwa kwa mkato. Hosti (kampuni inayokukodishia nafasi ya tovuti) yoyote ya bei nafuu yenye lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL inaibeba, na ukigombana na fundi wako utampata mwingine anayeifahamu kabla ya jioni. Faida hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kwa mwenye duka asiyejua kuandika programu.

Kisanduku chake cha kutafutia, kikiachwa kama kilivyokuja, ndicho dhaifu kuliko wengi wanavyodhani. WordPress hutafuta kwa kuangalia kama mfuatano wa herufi ulioandikwa na mteja umo ndani ya kichwa, muhtasari au maelezo ya bidhaa. Haijui neno linaanzia wapi wala kuishia wapi, na haisamehe kosa la herufi hata moja. Ukiipima kwa "shokapu ist", itakuletea shokapu za IST kama umeziandika hivyo, na itakuletea pia za Toyota Vista, kwa sababu herufi i-s-t zimo katikati ya neno Vista. Mteja akiandika "chujio la oili", hilo "la" linatafutwa kama neno kamili, na linapatikana ndani ya kila Corolla. Swali la "90915yzze1" linarudi mikono mitupu kwa sababu ya kistari, "brekpedi" hivyo hivyo, na "vioo" hivyo hivyo. Swali la "ncp61" linategemea ulipoiandika namba hiyo: ikiwa kwenye maelezo, itaonekana, ikiwa umeipanga vizuri kama sifa ya bidhaa ili itumike kwenye vichujio vya pembeni, kisanduku cha kawaida hakitaiona kabisa. Mtu aliyejitahidi kupanga data yake kwa nidhamu ndiye anayeadhibiwa.

Zipo programu-jalizi za kuongeza nguvu ya utafutaji, na nyingine ni nzuri kweli: zinasoma sifa na misimbo, zinakubali visawe, zinavumilia makosa ya tahajia. Zihesabu basi kama sehemu ya gharama tangu mwanzo, pamoja na kazi ya kuzisasisha. Duka moja nililoitwa kulisaidia lilikuwa na programu-jalizi 31, nyingi hazijaguswa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Aliyewajengea hakuwaachia nywila ya hosti, na siku wanayonipigia simu tovuti yao ilikuwa inawapeleka wateja kwenye kurasa za kamari. Siku mbili nzima zilikwenda kwenye kuirudisha, na orodha ya bidhaa haikuwa na nakala mahali pengine popote. WooCommerce inamfaa mwenye duka ambaye yuko tayari kumlipa mtu kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya matunzo, kama anavyomlipa mlinzi. Asiye tayari kwa hilo asiichague, hata akiahidiwa nini.

Lahajedwali na utafutaji ndani ya kivinjari

Njia ninayoipenda kwa maduka mengi madogo, na nasema wazi kwamba ninaipendelea, ni kuweka orodha nzima kwenye lahajedwali moja, kama la Excel au Google Sheets, kuigeuza kuwa faili dogo la data, na kuiacha simu ya mteja yenyewe ifanye kazi ya kutafuta. Mtu akisikia kwamba katalogi nzima inapakuliwa kwenye simu huogopa, kwa hiyo tuipigie hesabu. Bidhaa 1,200, kila moja ikiwa na herufi mia mbili za jina, namba, magari na bei, ni herufi 240,000, yaani kama kilobaiti 240. Seva ikilibana faili hilo kabla ya kulituma, linabaki takriban robo yake, kilobaiti sitini hivi. Picha moja iliyotoka kwenye kamera ya simu bila kupunguzwa hufikia megabaiti tatu au nne. Katalogi yako nzima ni nyepesi kuliko picha moja ya bampa.

Kinachofuata ndicho kinachowafurahisha mafundi. Faili likishafika, kila herufi wanayoandika inaleta majibu papo hapo, bila kwenda na kurudi kwenye seva, hata mtandao ukisuasua. Hakuna hifadhidata ya kudukuliwa, hakuna programu-jalizi ya kusasisha, na hosti inayohitajika ni ile ya kubeba mafaili tu.

Maktaba za JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, za kufanya kazi hii ni nyingi, nimetumia Fuse.js, Lunr na MiniSearch. Fuse.js ni rahisi kuanza nayo, lakini mpangilio wake wa awali umelegezwa mno na unatazama zaidi mwanzo wa maandishi, hivyo neno lililoko mwishoni mwa maelezo marefu linaweza kukosekana huku maneno yasiyohusika yakijitokeza. Ikazwe, na iambiwe isijali neno liko sehemu gani. MiniSearch inanipa uhuru zaidi, kwa kuwa naweza kuamua kwamba jina livumilie kosa na namba isivumilie.

Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotea. Uvumilivu wa makosa ni baraka kwenye majina na ni hatari kwenye namba. "Brekpedi" na "brekipedi" ni kitu kimoja, lakini namba ya spea inayotofautiana na nyingine kwa tarakimu moja ni spea nyingine, labda ya gari lingine kabisa. Mfumo ukimletea mteja namba ya jirani kana kwamba ndiyo aliyoiuliza, kijana atapanda bodaboda kutoka Tabata, atalipia, atarudi, na chujio halitaingia. Dawa yake ni safu moja ya ziada kwenye lahajedwali ambayo mteja haioni, yenye namba ileile iliyoondolewa vistari na nafasi na kuwekwa herufi kubwa zote: 90915YZZE1. Anachoandika mteja nacho kinasafishwa kwa kanuni hiyohiyo kabla ya kulinganishwa, na kulinganisha kuwe kwa usawa kamili au kwa mwanzo wa namba, ili aliyeandika 04465 pekee apate brekipedi zote za mbele ulizonazo. Safu hii inaweza kuwekwa kwenye mfumo wowote kati ya hii ninayoitaja, WooCommerce ikiwemo, na haigharimu chochote zaidi ya fomula moja ya Excel.

Njia hii ina upungufu wake, nao ni wa kweli. Kama bidhaa zote ziko kwenye ukurasa mmoja unaojazwa na JavaScript, Google itaona ukurasa mmoja, haitaona bidhaa 1,200. Ili kupata kurasa za bidhaa moja moja, inabidi kutumia chombo cha kuzalisha kurasa kutoka kwenye lahajedwali, kama Hugo au Eleventy, na hapo unamhitaji mtu anayekijua, ambaye si rahisi kumpata kama yule wa WordPress. Aliyekwisha kuwa na kurasa hizo anaweza pia kutumia Pagefind, ambayo huigawa faharasa (orodha ya maneno na mahali yanapopatikana) vipande vidogo na kumpelekea mteja kile tu kinachohusiana na neno aliloandika, na kwa namna hiyo katalogi inaweza kukua mpaka maelfu bila kumla mteja bando. Kikapu na malipo ya mtandaoni navyo havimo. Kwa duka la spea silioni hilo kuwa pengo kubwa, kwa sababu mteja hununua baada ya kuuliza: kitufe cha WhatsApp kando ya kila bidhaa, chenye ujumbe ulioandikwa tayari pamoja na namba ya spea, kinatosha.

Shopify na wenzake

Shopify, ya Kanada, na huduma nyingine za kukodi duka zima zinakuondolea mzigo wa hosti, usalama na masasisho. Utafutaji wake ni bora kuliko ule wa WooCommerce wa kawaida, unavumilia makosa ya tahajia, na programu yake ya bure ya Search & Discovery inaruhusu kuweka makundi ya visawe. Unalipa kila mwezi kwa dola na kwa kadi, na ukiacha kulipa duka linafungwa. Huduma yake yenyewe ya kupokea malipo haipatikani Tanzania wala Kenya, kwa hiyo malipo ya simu yanahitaji kuunganishwa kupitia kampuni nyingine. Ninaipendekeza kwa anayeuza nje ya nchi vitu vya kuchagua kwa jicho, kama vikapu na mavazi. Kwa duka la Gerezani linalouza kwa fundi wa Tabata, unalipia mengi usiyoyatumia.

SQLite na injini za utafutaji

Katikati ya lahajedwali na injini kubwa kuna njia ambayo haisifiwi vya kutosha: kurasa chache za PHP na hifadhidata ya SQLite, ambayo ni faili moja tu. Sehemu yake ya FTS5 hutengeneza faharasa ya maneno, na tangu mwishoni mwa mwaka 2020 inaweza pia kukata maandishi vipande vya herufi tatu tatu, kiasi kwamba mteja aliyebaki na nusu ya namba kwenye boksi lililochanika, tuseme "yzze1", bado anaipata. Vipande vya herufi tatu vina mpaka wake: swali la herufi mbili halijibiwi. MySQL nayo ina mpaka unaofanana na huo kwenye faharasa yake ya maneno ya InnoDB (namna yake ya kawaida ya kuhifadhi data), ambayo kwa kawaida huyapuuza maneno yaliyo chini ya herufi tatu, na aliyetafuta taa ya "T5" hatajua kwa nini duka zima limenyamaza. Njia hii inabeba bidhaa elfu kumi au ishirini kwenye hosti ya kawaida bila kulalamika, mradi kuna mtu wa kuiandika mara moja na kukuachia maelezo.

Injini za utafutaji zenyewe ni Algolia, inayokodishwa, na Meilisearch na Typesense, ambazo unaweza kuziweka kwenye seva yako. Kasi na ubora wake ni wa juu. Meilisearch, kwa mpangilio wake wa awali, husamehe kosa moja kwenye neno la herufi tano au zaidi na makosa mawili kuanzia herufi tisa, hivyo "brekpedi" inafika kwenye "brekipedi" bila shida. Unaweza pia kuiamuru isisamehe chochote kwenye safu ya namba, na nimeeleza kwa nini uiamuru hivyo siku ya kwanza. Gharama yake ni seva inayowashwa saa zote, na Typesense, kwa kuwa faharasa yake hukaa kwenye kumbukumbu ya RAM, inataka seva iliyo na nafasi ya kutosha humo. Mwenye bidhaa elfu hamsini na matawi matatu ana sababu ya kulipia. Mwenye bidhaa mia nane anakuwa amekodi lori kubeba kiroba.

Kiswahili chetu ndani ya kisanduku

Mifumo yote hii imetengenezwa na watu waliokuwa wakifikiria lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Vyombo vya kutafuta mzizi wa neno hukata mkia, ilhali Kiswahili kinabadilisha kichwa: kioo na vioo, mkanda na mikanda, kichujio na vichujio. Utafutaji unaoanza kulinganisha kwenye herufi ya kwanza unashindwa hapohapo. Hata Meilisearch, yenye uvumilivu wote ule, huhesabu kosa la herufi ya kwanza kuwa makosa mawili. "Vichujio" ina herufi nane, inaruhusiwa kosa moja, na kwa hiyo haifiki kwenye "kichujio". "Mikanda" inaifikia "mkanda", kwa sababu herufi ya kwanza haikuguswa. "Vioo" ni fupi mno kusamehewa lolote. Swali langu la nne, basi, linaishinda hata injini ya gharama kubwa, mpaka mtu akae chini na kuandika visawe.

Visawe hivyo hakuna kampuni ya Ulaya wala Marekani itakayokuandikia, na anayevijua ni kijana wako wa kaunta. Ongeza kwenye orodha safu ya "majina mengine" na umwambie aandike kila jina ambalo amewahi kulisikia likitajwa dirishani: shokapu, shokabu, shokomzoba, shock absorber, rejeta, rejeta ya maji, radiator, plagi, spaki plagi. Aweke umoja na wingi. Aweke na makosa ambayo watu huyarudia. Kazi hiyo kwa bidhaa 1,200 haimaanishi kuandika mara 1,200, kwa sababu aina za spea ni chache kuliko spea zenyewe. Aina mia na hamsini hivi zitaimaliza kazi, na fomula itazisambaza. Nimeona WooCommerce ya kawaida, isiyo na programu-jalizi hata moja ya utafutaji, ikijibu maswali manne kati ya matano baada ya safu hiyo na ile ya namba iliyosafishwa kuingizwa kwenye maelezo ya kila bidhaa, na nimeona injini nzuri ikishindwa matatu kwa kukosa safu hizo.

Excel nayo iangaliwe kwa jicho kali, kwa sababu huharibu namba bila kuuliza. Ukibandika namba zilizoandikwa bila kistari, sifuri ya mwanzo ya 04465 inatoweka. Msimbo wenye tarakimu, herufi E na tarakimu, kama 48E10, unageuzwa kuwa namba ya kisayansi, na "3-5" inakuwa tarehe. Safu nzima ya namba ipangwe kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote, kwa sababu ukipanga baadaye sifuri zilizopotea hazirudi. Bei ziandikwe 45000 bila mkato, la sivyo faili la CSV linaweza kuikata bei hiyo vipande viwili na kila kitu kikasogea safu moja kulia. Na ukiichapisha Google Sheets ili tovuti iisome moja kwa moja, bei ya kununulia isiwe kwenye karatasi hiyo. Aliye na kiungo anaona safu zote, hata ulizozificha kwenye ukurasa wa tovuti.

Ningechagua nini

Kwa bidhaa zisizozidi mia mbili zinazochaguliwa kwa jicho, ningebaki na katalogi ya WhatsApp na kurasa chache za tovuti zinazoielekeza. Kwa bidhaa mia tatu mpaka elfu tatu hivi, duka likiwa halipokei malipo mtandaoni, ningechukua lahajedwali na utafutaji wa ndani ya kivinjari, na kurasa za bidhaa zizalishwe kutoka kwenye lahajedwali hilo ili Google izione. Ningechukua WooCommerce kwa idadi hiyohiyo ikiwa kikapu na malipo ni vya lazima na mtunzaji wa kila mwezi yupo, na ningeweka fungu la programu-jalizi ya utafutaji kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kuanzia elfu tatu mpaka elfu ishirini ni SQLite kwangu, na juu ya hapo ndipo ningeanza kuangalia bei za injini za utafutaji.

Kipo kigezo kimoja ambacho ningekitanguliza mbele ya idadi ya bidhaa: ni nani atakayebadilisha "ipo" kuwa "imeisha" saa kumi na moja jioni, na kwa kifaa gani. Kama ni msaidizi mwenye simu tu, lahajedwali kwenye simu yake linaushinda ukurasa wa usimamizi wa WordPress kwa mbali, kwa kuwa ni kugusa seli moja na kuandika. Katalogi inayomwambia fundi kwamba spea ipo wakati imeisha tangu juzi inamfundisha asiifungue tena, na hapo ubora wa utafutaji haumsaidii mtu.

Chochote utakachochagua, yaandike mahali maswali yaliyorudi bila jibu. WooCommerce ina programu-jalizi za kuyatunza, injini zinayatoa zenyewe, na kwenye utafutaji wa kivinjari msanidi wako aongeze mistari michache ya kuyatuma kwenye seva, bila namba ya simu wala jina la aliyeuliza. Kila Jumamosi kaunta ikipoa, msaidizi afungue orodha hiyo. Neno ambalo ni jina jingine la kitu kilichopo aliongeze kwenye safu ya majina mengine. Spea ambayo haipo na imeulizwa mara tano wiki hiyo aiweke kwenye karatasi ya manunuzi. Na ukurasa wa "hakuna kilichopatikana" usiwe mtupu: uwe na kitufe cha WhatsApp kinachobeba neno lilelile aliloandika mteja, ili fundi aliye chini ya gari asilazimike kuliandika mara ya pili kwa kidole chenye grisi.